Mguu wa Kumi na Tatu

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza leo, na Kwaresima imeanza leo. Katibu wa baraza la wazee wa kanisa ametangaza kwamba kila muumini ajinyime kitu kimoja mpaka Pasaka. Mimi nimejinyima kumjibu Katibu. Tuone nitafika wapi.

Daftari hili aliliacha kibandani karani mmoja aliyeleta viatu kushonwa, akahamishwa kazi, asirudi. Ameandika ukurasa mmoja tu, orodha ya watu aliopanga kuwasamehe. Nimeuchana kwa heshima.

Dada yangu mkubwa amemaliza kufagia kanisa saa nne, akapita kwangu hapa getini akichechemea. Nilipomwuliza, akasema kiatu kinambana. Kiatu hicho nilikishona mimi. Hakibani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemvua kiatu kwa lazima. Chini ya wayo wa kulia, karibu na kisigino, kuna kidonda kipana kama kizibo cha chupa. Hana habari nacho. Ugonjwa wa sukari umezila hisia zote za miguu. Ukimtekenya atakuuliza unatafuta nini huko.

Ndani ya kiatu, msumari wa kisigino umetokeza ncha. Niliupigilia mimi. Nimeupinda kwa koleo kabla hajauona, huku nikimwuliza kwa sauti kubwa kama anakunywa dawa zake.

Jumamosi, 8 Machi

Zahanati. Muuguzi amenifundisha, na ninaandika nisije nikasahau. Maji yachemke, yapoe, yawe na chumvi kidogo. Usiloweke, mimina. Pima joto kwa kiwiko chako, maana mgonjwa hatakuambia kwamba unamuunguza. Vaa glavu. Futa kwa shashi kutoka katikati kwenda nje. Funga bila kukaza. Asubuhi na jioni.

"Na asisimame sana," akamalizia.

Dada akacheka mpaka akashika meza. Kanisa lina mabenchi arobaini. Labda afagie akiwa amelala.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nimemwosha dada mguu.

Jumatano, 12 Machi

Mchungaji ameanza masomo ya Jumatano jioni: Masihi ni nani, na alikuja kufanya nini. Mchungaji wetu ni kijana mwenye miwani na vitabu vingi, na huzungumza kama mtu anayeogopa kumwagia watu maji. Nimekaa benchi la nyuma kabisa, mahali pangu pa siku zote. Ukiwa nyuma unaona viatu vya watu wakipiga magoti, na viatu havijui kuongopa.

Leo ilikuwa "Mungu kweli". Kwamba Masihi alikuwapo kabla ya kuwapo chochote, hakuumbwa, yeye na Baba ni uungu mmoja. Wengine walisinzia. Mimi nilikuwa nikifikiria zile kalibu zangu za mbao ninazoundia viatu, za miguu ya kila kipimo, ya mtoto mpaka ya askari. Asiye na mwanzo wala mpaka, siku moja akakubali kuwa na namba ya kiatu. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kuumba nyota. Nyota hazibani.

Jumapili, 16 Machi

Majina yamesomwa. Nieleze, maana daftari halijui.

Kila mwaka, Alhamisi kabla ya Pasaka, Mchungaji huosha miguu ya waumini kumi na wawili, kama Masihi alivyowaosha wanafunzi wake. Baraza huchagua hao kumi na wawili. Wakishachaguliwa wanashikwa na hofu ya ajabu: wanakata kucha, wanasugua visigino kwa jiwe, wanapaka mafuta. Viatu vyao wananiletea mimi nivipige rangi. Siku yenyewe wanatoka nyumbani na ndara, wananawa miguu kwa ndoo yangu, wanavaa soksi mpya na viatu vinavyong'aa, kisha wanaenda mbele kuvua kimoja. Mchungaji hudondosha matone matatu juu ya mguu wa kulia. Anaosha kilichooshwa. Huu ni mwaka wa kumi na tisa naandaa miguu isiyohitaji kuandaliwa.

Mwaka huu jina la kumi na mbili ni la dada. "Mama Fagio," akasoma Katibu, kisha akakohoa na kusoma jina lake la ubatizo, na watu wakageuka kuangalia ni nani huyo.

Amefagia humo miaka ishirini na mitatu. Jioni hakula vizuri kwa furaha.

Jumatano, 19 Machi

Somo la pili: "Mtu kweli". Mchungaji alisema Masihi aliona njaa, alichoka, alilia. Nikanyoosha mkono.

"Mchungaji, alitembea sana?"

"Sana, Fundi."

"Kwa viatu vya kanda za ngozi?"

"Bila shaka."

"Alitoka malengelenge?"

Watu wakacheka. Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kama alikuwa mtu kweli," akasema polepole, "basi alitoka malengelenge."

Katibu akasimama. Katibu ni mwalimu mstaafu. Akisimama, hata wazee huficha mikono. "Samahani, Mchungaji. Malengelenge ni dosari. Masihi hakuwa na dosari."

"Hakuwa na dhambi, mzee wangu. Malengelenge si dhambi."

"Ni matokeo ya kuvaa viatu vibovu," akasema Katibu, na akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemshonea.

Nimekumbuka ahadi yangu ya Kwaresima. Sikujibu. Nimemwosha dada mguu. Kidonda kimechimba.

Jumamosi, 22 Machi

Kanisa lina makundi mawili sasa, wanaokubali malengelenge na wanaoyakataa. Kengele, mlinzi na mpiga kengele wa kanisa, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake na kwa mdomo wake, amekuja kukaa kibandani mvua ipite.

"Fundi, na chafya je? Alipiga chafya?"

"Kamwulize Katibu."

"Nimemwuliza. Kasema Masihi hakukaa penye vumbi."

"Na useremala alifanyia wapi, mbinguni?"

"Hilo sikuuliza. Nina watoto."

Jumatano, 26 Machi

Somo la tatu: nabii, kuhani, mfalme. Katibu alipenda mfalme. Viatu vya watu vilikuwa na tope mpaka juu. Nimemwosha dada mguu. Una harufu sasa. Naandika hivi hivi, harufu.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Mguu asubuhi na jioni.

Jumatano, 2 Aprili

Sikwenda kwenye somo. Tulikuwa hospitali kubwa kutwa nzima.

Daktari ni mwanamke mfupi, na hakuzungushazungusha. Kidonda kimefika mfupani, vidole vitatu vimekufa na ubaya unapanda. Mguu utakatwa chini ya goti. Ameandika tarehe 22 Aprili, Jumanne baada ya Pasaka, kwa sababu ya foleni, na kwamba tukiona wekundu unapanda au homa, tuje hata saa hiyo hiyo.

Dada akauliza swali moja. "Kwa hiyo Alhamisi ya tarehe kumi na saba nitakuwa nao bado?"

"Utakuwa nao, mama."

"Basi sawa."

Njiani nilikuwa naangalia dirishani. Msumari wenyewe ni mdogo kuliko ukucha. Nimepigilia maelfu.

Jumapili, 6 Aprili

Kabla ya ibada Katibu amemwita dada kando, chini ya ngazi za mnara. Nilikuwa karibu, najifanya nafunga kamba.

"Mama, baraza limekaa. Tumeonelea kwa hali yako upumzike mwaka huu."

"Nipumzike kukaa kwenye kiti, baba?"

"Kuna suala la harufu. Kuna wageni. Na maji yale, ukichanganya na kidonda, si afya. Tumekufikiria wewe."

"Na mwakani?"

"Mwakani, Mungu akipenda, tutaanza na wewe."

"Mwakani sitakuwa nao," akasema dada. Akachukua fagio lake, akaenda kufagia ngazi ambazo alishazifagia.

Nafasi yake amepewa Bwana Mabati, mfanyabiashara aliyeezeka upya kanisa mwaka jana.

Jioni, nikimmiminia maji, nikamwambia, "Dada, miguu ile ya wanafunzi, mmoja ulikuwa wa msaliti, na ulioshwa."

"Ulikuwa safi lakini," akasema. "Msaliti hanuki."

Jumatano, 9 Aprili

Somo la tano, na sijui kama Mchungaji alijua anachokisema. Kazi ya Masihi: kwamba alisimama mahali petu. Tuliokuwa wa kuhukumiwa tukaachiwa, asiye na kosa akaingia. Alichukua nafasi yetu.

Nikanyoosha mkono. Kwaresima yangu imekufa hapo, na naizika bila huzuni.

"Mchungaji, Bwana Mabati amechukua nafasi ya dada yangu. Ni somo hilohilo, au limepinda njiani?"

Bwana Mabati alikuwa benchi la tatu. Shingo yake ilinyooka.

"Fundi," akasema Katibu, "hapa si sokoni."

"Najua, mzee. Sokoni mtu husema waziwazi anachouza."

Mchungaji alifungua mdomo, akaufunga, akasema tuombe. Aliomba haraka. Nimemdharau sana leo. Anazo sentensi za kumshusha Mungu mbinguni, lakini hana moja ya kumtosha Katibu.

Jumatatu, 14 Aprili

Jozi kumi na mbili zimeletwa. Nimezipanga kwenye rafu. Hakuna ya dada. Nilijua hakuna, nikahesabu tena hata hivyo.

Bwana Mabati alileta vyake mwenyewe. Akabaki amesimama.

"Fundi, lile ulilosema Jumatano. Mimi niliambiwa kuna nafasi. Sikuambiwa ina mwenyewe."

"Sasa umeambiwa."

"Nikikataa sasa, Katibu ataona nimemdharau."

"Basi usikatae, bwana. Nyayo zako si mbaya."

Akaondoka kichwa chini. Nilijisikia vizuri mpaka saa nane, halafu nikaanza kujisikia kama Katibu.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimebandua soli za jozi zote kumi na mbili upande wa ncha, nikazitia gundi upya. Hazikuhitaji gundi. Kwa hali hii ya hewa, gundi ile haitakauka kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 16 Aprili

Somo la mwisho sikulihudhuria. Nilikuwa namwosha dada mguu na nikashindwa kuendelea kunyamaza.

"Dada, msumari ulikuwa wangu."

"Msumari gani?"

"Wa kiatu. Ulitokeza ndani. Nikaupinda usiuone."

Akayatazama maji yanavyoteremka.

"Najua," akasema. "Siku ile ulinivua kiatu, ukageukia ukutani, ukaanza kunihoji kuhusu dawa. Tangu lini wewe unajali dawa? Nikasema, huyu kavunja kitu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja. Nilikulea, mdogo wangu. Mama alipokufa ulikuwa unamaliza kunyonya. Ukivunja chungu ulikuwa unakuja mwenyewe siku ya tatu. Hii imekuchukua wiki sita. Unazeeka."

Nililia kidogo. Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Na sasa hizo gundi?"

"Gundi gani?"

"Kengele kaniambia viatu vyote unavibandua. Unataka kuwaaibisha."

"Nataka uoshwe."

"Hapana. Wewe unataka kunyoosha hesabu yako na msumari, ukitumia mguu wangu mbele za watu. Unadhani ukiwa na beseni basi wewe ndiye Masihi? Mkombozi tunaye, mdogo wangu. Nafasi haipo wazi."

Nikafunga shashi bila kukaza. Nikasema basi, tutabaki nyumbani.

"Nani kasema tubaki?" akasema. "Mguu huu umezunguka kanisa lile miaka ishirini na mitatu, na Jumanne unaondoka. Mtu akiondoka huagwa. Mimi nitakwenda kwa ajili yake. Wewe utabeba kigoda."

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika kirefu, na nitaandika kama ilivyokuwa.

Ibada ni saa kumi na moja jioni. Saa tisa, ingawa dada alinikanya, nilifunga kibanda kwa kufuli, viatu ndani, ndoo ya maji ndani, nikasimama chini ya upenuo wa lango la kanisa na chupa ya chai mkononi. Ndani hakukuwa na chai. Yalikuwa maji yaliyochemka, yakapoa, yenye chumvi. Mfuko wa kulia glavu na shashi. Miguuni pangu kigoda cha kazi, chenye gundi ya miaka yote.

Walianza kufika, ndara miguuni. Uwanja umekuwa tope tupu kwa mvua ya wiki sita; njia ya matofali imezama. Tope liliwafika juu ya vifundo. Bwana Mabati ndiye aliyetangulia kuuliza.

"Fundi, mbona pamefungwa?"

"Gundi haijakauka, bwana. Mvua."

"Na ndoo?"

"Imo ndani na viatu."

"Sasa tutaingiaje?"

"Kwa mlango."

Akanitazama, kisha akatazama miguu yake. Nikaona mdomo wake unatetemeka, nikadhani ni hasira. Alikuwa anazuia kicheko. Akaingia. Wengine wakamfuata, wengine wakinitukana kwa upole wa watu wanaokwenda ibadani.

Katibu alipowaona wakipita katikati ya kanisa, kila mmoja akiacha nyayo za tope juu ya sakafu aliyoifagia dada asubuhi, alibadilika rangi. Lakini wimbo ulikuwa umeshaanza, na wimbo haurudishwi.

Mchungaji alipiga magoti mbele ya kiti cha kwanza na birika lake dogo la matone matatu. Akautazama mguu. Akaangalia birika. Akasema kwa sauti ya chini, "Kengele, leta ndoo."

Mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nimeona mtu akioshwa miguu humo. Matone yalikuwa hayafai, ilibidi asugue. Aliingiza vidole vyake katikati ya vidole vyao. Mguu wa tatu, maji yalikuwa kama chai. Mguu wa tano, akakunja mikono ya vazi lake jeupe, ingawa lilishachafuka kifuani. Kengele alikimbia mara tatu kubadilisha maji. Mwanzoni watu walicheka, kisha wakaacha. Mzee mmoja kwenye kiti cha nane alikuwa amefumba macho na kidevu kinamchezacheza. Wa mwisho alikuwa Bwana Mabati, na aliposhushwa mguu alisema "asante" kwa sauti ya mtoto.

Hapo dada, aliyekuwa kando yangu benchi la nyuma, akasimama.

Tulikwenda polepole, yeye ameshika bega langu. Niliweka kigoda mwishoni mwa safu, baada ya kiti cha kumi na mbili. Akakaa.

"Mama Fagio," akasema Katibu bila kuinuka, "viti ni kumi na viwili."

"Nimeviona, baba. Jana nimevifuta mwenyewe."

"Basi unajua vimejaa."

"Ndiyo maana nimekuja na changu."

"Mchungaji," akasema Katibu, "tulikubaliana barazani."

Mchungaji alikuwa amesimama na taulo begani, maji yakimdondoka viwikoni. Mimi nilishaanza kufungua shashi. Harufu ikatoka. Sitaipamba. Benchi la mbele likasogea, kisha likainuka, kisha watu sita au saba wakatoka nje kwenye mvua. Katibu alitia kitambaa puani. Lakini hakutoka, hilo nimpe.

"Tulikubaliana," akasema Mchungaji. "Na mimi nilinyamaza, na kunyamaza kukahesabiwa." Kisha akamgeukia dada, na sauti ikawa ndogo. "Mama, sijui namna ya kuuosha. Nitakuumiza."

"Hutaniumiza. Huko sisikii kitu. Mdogo wangu anajua, atakuelekeza."

Tukapiga magoti sote wawili, bega kwa bega. Nikampa glavu. Akavaa ya kushoto mkono wa kulia.

"Kiwiko kwanza," nikamwambia. "Pima."

Akapima.

"Mimina, usiloweke. Juu, yateremke yenyewe."

Bwana Mabati alishuka kwenye kiti chake, pekupeku, akaishika ile chupa ili Mchungaji awe na mikono miwili. Hakuna aliyemwita.

"Sasa shashi. Kutoka katikati kwenda nje. Usirudi ulikotoka."

Mchungaji aligeuza uso ghafla. Machozi ya kichefuchefu yalimtoka. Nilidhani ndiyo basi. Akageuka tena.

"Niendelee?"

"Endelea."

Nimemsikiliza mtu huyu Jumatano nne akieleza jinsi Mungu alivyoshuka, na sikumsadiki hata Jumatano moja, kwa sababu alieleza kama mtu asiyewahi kushuka ngazi. Leo nilimwona ngazi ya tatu au ya nne, amekamata ukuta, anaogopa, anashuka. Nimemsadiki.

Alipomaliza akainua macho. "Nimeosha, mama?"

Dada alikuwa ameinama muda wote, akiutazama. "Sijui, baba. Niambie wewe. Mimi naona tu."

"Nimeosha."

"Haya," akasema dada, na alikuwa hasemi na yeyote kati yetu. "Umeagwa. Nenda salama."

Ijumaa, 18 Aprili

Viatu vimekauka. Wamevichukua. Watatu hawakunisalimu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mchungaji amehubiri kwamba Masihi aliyefufuka alikuwa bado na majeraha, na kwamba hakuyaficha. Aliyatoa watu wayaone. Dada alikuwa na homa, hakuja. Nilimsimulia.

"Kwa hiyo aliacha matundu?"

"Kasema ndivyo."

"Angeweza kuyaziba."

"Angeweza."

Akafikiri. "Basi mimi akinirudishia mguu, nitamwomba aache na alama ya msumari wako. Nikikukuta huko nikuonyeshe."

Usiku huohuo tumeondoka kwenda hospitali.

Jumanne, 22 Aprili

Umekatwa. Ameamka. Muuguzi alimwuliza kama anasikia maumivu, akasema, "Nasikia. Kumbe bado kuna mahali nasikia."

Jumamosi, 26 Aprili

Mchungaji amekuja wodini na machungwa. Amekaa saa nzima bila kuhubiri. Katibu hakuja.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeitwa barazani. Wazee tisa, meza ndefu, Mchungaji mwisho wa meza. Mashtaka yamesomwa na Katibu kwa mwandiko mzuri sana. La kwanza, kuzuia kwa hila viatu vya ibada. La pili, kuweka kigoda kichafu mbele ya madhabahu kinyume cha uamuzi wa baraza. La tatu, kumpa Mchungaji amri wakati wa ibada.

"La tatu ni langu," akasema Mchungaji. "Niliomba kuelekezwa." Likafutwa.

"Fundi, la kwanza?"

"Natubu. Gundi haikuhitajika, nikasema mvua. Hilo ni uongo, na niliwachezea watu. Nawaomba radhi wote kumi na wawili."

Hawakutegemea. Kalamu ya Katibu ilisimama hewani.

"Na la pili?"

"La pili hapana."

"Fundi," akasema Katibu, na kusema kweli alisema taratibu, kama mtu anayetaka kwenda nyumbani, "kuna utaratibu. Mimi mwenyewe mama yangu aliugua mguu miaka minne. Sikumleta kanisani. Nilimsitiri."

Nikamwangalia. Nimemfahamu miaka yote hii, na sikujua alikuwa na mama.

"Ulimsitiri, mzee. Na yeye alitaka?"

Akatazama karatasi. "Neno moja tu, Fundi. Sema umetubu kigoda, tumalize."

"Neno ninalo, mzee. Ni lile lile. Masihi kama alikuwa mtu kweli, mguu ule ni ndugu wa mguu wake. Kama ni Mungu kweli, basi hachafuki kwa kuugusa. Mimi sioni mlango wa tatu. Mkiuona niiteni."

Wamepiga kura. Sita kwa tatu. Miezi mitatu nisishiriki Meza ya Bwana, na nikae benchi la nyuma la waliotengwa. Benchi lenyewe ndilo ninalokaa tangu zamani, nikawashukuru kwa kunihifadhia.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imeisha. Uwanja umekauka, una nyufa.

Dada amekuja kanisani kwa magongo, mara ya kwanza. Kengele alimwandalia kiti mbele, chenye mto. Akakipita. Akapita benchi la tatu, la kumi, la ishirini, gongo likigonga sakafu, kanisa zima likihesabu, mpaka akafika kwangu.

"Sogea," akasema.

"Dada, hapa ni pa waliotengwa."

"Najua ni pa nani. Nimepafagia. Sogea."

Ikafika Meza ya Bwana. Upande wetu sahani ya mikate ilibebwa na Katibu. Alifika benchi letu, akainyoosha mbele yangu kama mtu anayepitisha kitu juu ya ukuta, akamwambia dada maneno yale, mwili uliovunjwa kwa ajili yako. Dada akachukua kipande. Akakishika kwa vidole viwili, akakimega katikati, nusu moja akaiweka kwenye kiganja changu.

"Mama Fagio," akanong'ona Katibu, "huyu amezuiliwa."

"Wewe umenipa mimi, baba," akasema dada, na yeye hakunong'ona. "Changu ninakula na nimtakaye."

Mabenchi ya mbele yaligeuka. Mchungaji, kule mezani, alituona, na hakusema kitu, na safari hii kunyamaza kwake nilikuelewa. Katibu alisimama palepale, sahani mikononi, akiningoja nirudishe.

Nikakitia kinywani. Nikakitafuna taratibu, nikimtazama machoni. Hakuondoka mpaka nilipomeza.